Sweta ya Yurani

Nives Dalpiaz hakuwa mtu wa kukata tamaa, na bondeni kwao, kaskazini mwa Italia, watu watakwambia hivyo kabla hujauliza. Ng'ombe akigoma kukamuliwa, Nives humsimamia mpaka anyooke. Shirika la kuasili watoto lilipomwambia kwamba kwa umri wake na wa mumewe, Ottavio, wasahau habari ya mtoto mchanga, alijibu kwamba neno mchanga hakulitaja yeye. Alitaka mtoto, basi. Majirani wakanong'ona kwamba msichana wa miaka kumi na mmoja, tena kutoka Kolombia, atakuja na mambo yake yameshaiva. Nives akawaambia hata yeye aliolewa na mambo yake yameiva, na Ottavio bado yu hai.

Kihispania alijifunzia zizini, redio ikiwa dirishani na mikono ikiwa kazini. Ottavio alilalamika kwamba siku hizi ng'ombe wanapewa maneno matamu kuliko yeye. Nives hakumjali. Alikuwa na hamu moja ya miaka mingi, na hakuona haya kuisema: siku moja aitwe mama, kutoka uani, na mtu mwenye haki ya kumwita hivyo.

Wakapanda ndege hadi Kolombia, wakafikia mji wa Tunja, ule wa milimani wenye baridi yake. Kule mtoto mkubwa hachukuliwi kama furushi. Yeye na wazazi wapya wanapewa muda wa kuishi pamoja katika nyumba ya kupanga, kisha mtoto anakaa mbele ya afisa wa ustawi wa jamii na kuulizwa kama amekubali. Akisema hapana, wageni wanarudi kwao mikono mitupu. Nives alilijua hilo tangu mwanzo na halikumtisha. Aliamini kazi.

Walikutanishwa na Yurani ofisini, kwenye maputo na keki. Binti alikuwa mwembamba, macho makavu, nywele zimesukwa zikabana mpaka nyusi zimepanda. Aliwapa mikono kwa adabu, akamwita Nives shangazi, kama watoto wa malezi wanavyowaita wanawake wote wanaolipwa kuwaangalia. Alikuwa na begi moja na sweta ya bluu aliyoivaa kutwa nzima.

Sasa, kwao Nives kuna jambo moja ambalo hakuna aliyewahi kulifundisha kwa sababu kila mtu analijua. Anayeingia nyumbani kuwa wa nyumbani, nguo zake hufuliwa siku hiyohiyo. Nives alipofika kwa wakwe zake akiwa bibi harusi, mama mkwe alimwaga sanduku lake lote kwenye beseni bila hata kumwuliza, na Nives alilia kwa furaha, maana alijua amepokelewa. Kwa hiyo walipofika nyumba ya kupanga na Yurani akaingia bafuni kuoga alasiri ile, Nives alikunja mikono ya blauzi. Alifua kila kitu, kwa sabuni aliyoibeba kutoka Italia. Sweta aliifua mara mbili, maana ilinuka moshi.

Yurani alitoka bafuni akaikuta ikichuruzika dirishani. Hakupiga kelele. Aliivuta, akaizika pua yake ndani, akavuta pumzi, akavuta tena. Kisha akakaa sakafuni nayo mapajani, maji yakimlowesha.

"Ilikuwa na harufu ya mama," alisema. "Umeitoa yote."

Mama huyo alikuwa doña, yaani Bi, Rosmira, mlezi aliyekaa naye tangu akiwa mdogo, mzee wa kupikia kuni aliyeishi mlimani nje ya mji. Magoti yalikuwa yamemwisha, na wakubwa walishaamua kwamba hawezi tena kulea.

Kuanzia hapo Yurani hakumsemesha tena Nives. Alikula wali mkavu, akakataa vingine vyote. Kwa Ottavio ndiko alikopeleka ujumbe, akimwambia kwa upole kabisa, kwa Kihispania cha polepole ili aelewe, kwamba ofisini atasema hapana, na asijisikie vibaya, yeye hana kosa. Ottavio akaja kwa mkewe uso umemshuka. Akasema huenda warudi tu nyumbani, mtoto ameshaamua.

"Rudi wewe," Nives akamwambia. "Ng'ombe watafurahi kukuona."

Alimpigia Fabiola, mwakilishi wa shirika, akataka anwani ya Rosmira. Fabiola akakataa katakata. Mtoto anatakiwa aachane na ya nyuma, alieleza, na kumrudisha kule ni kutonesha kidonda. Nives akasema kidonda ameshakitonesha yeye mwenyewe kwa sabuni, sasa anakwenda kukitazama, na kama anwani hapewi, Yurani njia anaijua. Na kweli aliijua. Binti alitangulia mbele kwenye ule mlima, bila kugeuka nyuma, Nives akimfuata huku akihema.

Rosmira aliwakaribisha kwa arepa za moto, vile vimkate vya mahindi vya kwao, akaisikiliza habari ya sweta mpaka mwisho.

"Sasa wewe, nani alikutuma ufue?" aliuliza.

Nives akamsimulia kuhusu mama mkwe na lile beseni. Rosmira alicheka mpaka akashika meza, na Yurani, aliyekuwa amejibanza ubavuni kwake, akainua uso kumtazama mgeni kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Wivu ulimchoma Nives kuwaona wawili wale walivyokaa. Angeweza kunyamaza, akamaliza chai yake akaondoka. Hakunyamaza.

"Sikuja kukuomba umshawishi," alimwambia Rosmira. "Nimekuja kukuomba usimwache. Akiwa kwangu, akupigie simu kila Jumapili. Na nikijaliwa nauli, nitamleta umwone."

"Na wewe utakuwa nani wake?"

"Hilo atasema mwenyewe."

Siku ya ofisi ilipofika, Ottavio alivaa tai akaifunga vibaya, Fabiola akakaa pembeni kwa kununa. Afisa, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alimwuliza Yurani kama anakubali bibi huyu awe mama yake.

"Mama ninaye," Yurani alisema. "Ila kwenda kwao nakubali. Na jina la ukoo wao nachukua. Yeye nitamwita Nives."

Afisa akaweka kalamu chini. Akamgeukia Nives, akamweleza kwamba anaweza kuomba muda zaidi, watoto hubadilika, si lazima apokee jibu la namna hii leo. Ilimuuma Nives, tena ilimuuma vibaya, maana neno mama lilikuwa limepita pale mezani likaenda kwa mwingine. Ottavio alimshika mkono chini ya meza.

"Andika amekubali," Nives alisema. "Mengine ni ya nyumbani kwetu."

Wakatia sahihi. Wakasimama koridoni, kila mmoja akitafuta pa kuangalia. Yurani, ambaye tangu siku ya keki hakuwa amewaomba hata maji, akamvuta Nives mkono wa koti.

"Nives," alisema, "nina njaa. Nipikie kitu."