Kipindi cha Jumatano na Ndoo ya Ulanzi

Hakuna aliyemlazimisha Esta kufundisha dini. Mwinjilisti wa pale Igowole alikuwa na shule nyingi kuliko miguu yake, na mwalimu mkuu alipowaomba wazazi wajitolee, Esta alisimama kabla hajajishauri. Kikao kizima kikampigia makofi. Tangu hapo, kila Jumatano, yeye ndiye aliyefundisha darasa la tatu, na binti yake Anjela alikaa dawati la mbele.

Siku hizo zote Esta aligema ulanzi, utomvu wa mianzi unaogeuka pombe. Tangu gogo lilipomvunja mguu mumewe Aroni, mianzi ya bondeni ndiyo iliyoilisha nyumba. Na mwanzi hausubiri. Usipoukata ncha asubuhi na jioni, unakauka. Esta aligema, Anjela akabeba ndoo hadi kilabuni kabla ya kengele ya shule.

Kwanza aliwafundisha watoto kumpokea mkubwa mzigo. Wazazi walifurahi mno. Kisha akawafundisha kwamba mtoto asikubali kubebeshwa pombe. Somo lilimtoka moyoni. Alikuwa akiwafikiria watoto wa wengine.

Jioni ile ile jirani yake Sosthenes alimsimamisha njiani.

"Mwalimu! Umenifanyia nini? Nimemtuma kijana wangu kilabuni, ananihubiria! Imebidi niende mwenyewe na kiu yangu."

"Si mlinichagua wenyewe?"

"Tulikuchagua uwafunze adabu, dada, siyo kutugomea! Na wako je, anabeba?"

Esta alicheka tu.

Kulipokucha, Anjela alisimama mbele ya ndoo, mikono nyuma.

"Mama, ulisema tusibebe."

"Huu ni mtogwa, mwanangu. Umegemwa sasa hivi, mtamu, hata wewe unakunywa. Bado si pombe."

"Ukilala kilabuni, kesho unakuwa nini?"

Aroni akapaza sauti kutoka ndani. "Mchape abebe, Mama Anjela! Kitoto hakiwezi kutufungia jiko."

Esta alikitazama kile kifimbo cha mwanzi kilichoegemea ukuta. Akimchapa, Jumatano atasimama mbele ya darasa na uso gani?

"Nenda shule," akasema. Akajitwika ndoo mwenyewe.

Tangu siku hiyo alikuwa akizunguka nyuma ya msitu wa misindano ili watoto wasimwone. Lakini Jumatano iliyofuata mvua ilikuwa imesomba daraja la huko, ikabaki njia moja tu, ile inayopita mbele ya shule. Hakufika mbali kabla hawajamkimbilia.

"Shikamoo, mwalimu! Tukupokee!"

"Marahaba. Acheni, mzito."

"Hata, mwalimu! Ulisema mkubwa asiachiwe mzigo!"

Mikono midogo ilikwisha kuinuliwa pande zote kuipokea ndoo kichwani. Langoni alisimama Anjela, hasogei, macho chini. Esta angeweza kusema ni maji. Wangeibeba kwa furaha, na mmoja tu ndiye angejua.

"Ni ulanzi," akasema. "Msiupokee."

Mikono ikashuka mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyecheka, wala hawakuondoka, maana kumwacha mkubwa peke yake njiani si adabu. Walimsindikiza mikono mitupu hadi njia panda ya kilabuni. Hapo nyayo za mtu mmoja zikamfikia kwa nyuma.

"Mama, kipindi utakuja?"

"Nitakuja," Esta akajibu. Alitamani kumwona uso, lakini ndoo ilikuwa imejaa hadi mdomoni, na shingo haikuweza kugeuka.