Okestra Iliyofuata Kisogo

Okestra yangu ilijifunza muziki kwa kuangalia kisogo changu. Sijivuni, ni mambo ya piano. Ile ya ukumbi wa kanisa tuliofanyia mazoezi Kariobangi ilikuwa na mguu mmoja uliooza, kwa hiyo iliegemezwa ukutani, na anayeipiga alilazimika kuwapa wenzake mgongo. Mpiga piano mwingine hatukuwa naye. Nilipiga mimi na kuongoza nikaongoza mimi, mikono yote miwili ikiwa kazini. Nikiinamisha kichwa, fidla zinaingia. Bega la kushoto likipanda, tarumbeta. Kila pigo nilihesabu mara mbili, la vidole na la shingo, na jioni nilijipaka dawa ya misuli kama mbeba magunia.

Miaka ikaenda hivyo. Kisha tukapata mfadhili, mama mmoja mpole, naye akatutafutia ukumbi mjini, piano ndefu nyeusi, na mwongozaji kutoka ng'ambo.

"Wewe utapiga piano," aliniambia, kama mtu anayekuongezea nyanya moja juu ya fungu. "Si unaipenda?"

"Naipenda. Na kuongoza je?"

"Mwalimu, watu watakuja kwa sababu ya jina lake."

Nikaanza kushuka. Niliomba tamasha zima, akatabasamu. Nikaomba nusu. Nikaomba wimbo wa mwisho tu, ule watu huusikiliza wakitafuta funguo za gari. Mimi huyu, ambaye wauza mitumba huniona wakaficha mashati mazuri, sikupunguziwa hata kidogo. Nikakubali, kwa sababu nilijua jambo asilolijua: vijana wale hawakuwahi kufuata mkono wa mtu.

Mazoezi ya mjini, mgeni akapunga fimbo yake. Kimya. Nikainama kutazama noti, na okestra nzima ikaingia. Akatusimamisha, akaanza upya. Wakaningoja tena mimi. Sitadanganya, nilifurahi.

Wakati wa mapumziko akanijia msichana wa fidla ya kwanza, niliyemfundisha tangu hajui kushika upinde.

"Ticha, sasa tunafuata nani? Niambie tu. Sitaki kuaibika mbele ya mathee."

"Mamako anakuja?"

"Amesema atafunga kibanda. Anakuja na wamama wa Kayole, nusu ya stage ya matatu."

"Mfuateni mgeni."

"Na wewe ukitikisa kichwa?"

"Sitatikisa."

Siku ya tamasha niliketi kama mtu aliyefungwa plasta ya shingo. Mwanzo uliyumba, nami nikangoja. Wakianguka, nitainamisha kichwa niwaokoe, na ukumbi wote utajua okestra ni ya nani. Hawakuanguka. Macho yalipanda kwenye ile fimbo yakabaki huko, na wakapiga vizuri kuliko walivyowahi kunipigia mimi. Wamama wa Kayole walipiga vigelegele. Mgeni akainama, akanyoosha mkono kuelekea kwangu, kwa adabu, kama unavyomwonyesha aliyepanga viti.

Nyuma ya jukwaa msichana wa fidla alikuwa anacheka, jasho likimtiririka.

"Ticha, mbona hukutuambia kufuata mkono ni rahisi hivi?"

Nikamwambia alipiga vizuri. Ilikuwa kweli.

Mgeni amealikwa tena mwakani. Mfadhili alinipigia simu kuhusu piano, nikasema nitafikiria, ili nibembelezwe kidogo. Nasikia ameshapata mtu.