Usijiite Kituo cha Afya

Nakumbuka asubuhi ile, mwanangu, kama ya jana. Nilikuwa nimeshavuka miaka hamsini, lakini kwa mambo ya mtandao nilikuwa kijana mbichi, tena mwenye kiherehere. Umeniambia unafungua chumba chako cha kukanda watu huko Ruangwa, na unataka akili mnemba ikutambue, mtu akiiuliza kwenye simu ikutaje. Basi nisikilize kabla hujaandika neno.

Kazi yangu unaijua. Nakanda migongo ya watu waliochoshwa na palizi ya mikorosho, mabega, miguu, kwa mafuta ya ufuta niliyoyapasha moto kidogo. Hapa Nachingwea sikuwahi kuhitaji kibao. Mwenye mgongo anauliza sokoni, anaambiwa aende kwa Mama Somoe, nyuma ya mashine ya kusaga, yamekwisha. Lakini mteja wangu mmoja, mwalimu, akaiuliza simu mbele yangu: nani anakanda vizuri Nachingwea? Ikajibu haina taarifa. Miaka yote ile, halafu simu hainijui! Nilikasirika, utadhani nimetukanwa na mtu.

Nikaenda kwa Zuhura, dada mwenye duka la kuchapa karatasi, aniandikie ukurasa na aniweke kwenye ramani ya mtandaoni. Akaandika, "Mama Somoe, mkandaji." Nikaliona jina jepesi mno, kama la muuza vitumbua. Nikamwambia aandike "Kituo cha Afya na Ustawi."

"Lakini mama, kituo cha afya si kile chenye waganga na manesi?" akauliza.

"Wewe andika tu."

Nikaongeza kwamba tunahudumia wajawazito, kwa kuwa kweli huwa nawakanda miguu, na kwamba tuko wazi saa zote. Haukupita muda mrefu, simu ikaanza kunitaja. Sitakuficha, nilitembea sokoni kifua mbele.

Sasa asubuhi yenyewe. Nilikuwa nafagia, pikipiki ikasimama mlangoni. Aliyeendesha alikuwa mfugaji wa Kisukuma, wa zile familia zilizohamia na ng'ombe zao upande wa Chiola hivi karibuni. Nyuma yake dada yake amemkumbatia mkewe, asianguke. Mke ana mimba kubwa, na khanga imelowa damu mpaka chini.

"Mama, daktari yumo ndani?"

"Daktari gani, baba?"

"Simu imesema hapa ndipo kituo cha afya. Tumepita geti moja kubwa kule, simu ikasema endelea mbele."

Geti lile, mwanangu, lilikuwa la hospitali. Ndani kwangu mlikuwa na mkeka, taulo mbili na chupa ya mafuta. Yule mwanamke aliniangalia kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kufika, na macho yale ndiyo yaliyonitisha kuliko damu.

Nilipiga kelele, jirani akatoa bajaji. Nikampakia, nikamshika njia nzima, nikisema moyoni: huyu akifa, nimemuua mimi. Nilisoma kila dua niliyoijua, nyingine nikaziacha katikati kwa hofu. Hospitali wakamkimbiza ndani, wifi yake nyuma yake. Mimi na mumewe tukabaki kwenye benchi, naye akanishika mkono akanishukuru kwa kuwaleta. Akanishukuru mimi! Nilitamani ardhi inimeze.

Baadaye nesi akatoka: mama mzima, mtoto mzima, lakini ilikuwa chupuchupu. Akauliza nani aliwaelekeza kwingine kwanza. Nikaeleza yote, mume akisikia. Nesi, binti wa umri wako, akasema, "Mama, jina hilo lifute leo." Mume akasema taratibu, "Mimi hapa simjui mtu, mama. Ndiyo maana niliiuliza simu."

Tulifuta siku ileile. Lakini kwa majuma kadhaa akili mnemba iliendelea kunitaja kuwa kituo cha afya, maana ilikuwa imeshayabeba maneno yangu. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo nje, nilikimbilia mlangoni kuchungulia. Bado naogopa.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitaka ikutambue, chagua jina moja, na liwe hilohilo kwenye ukurasa, kwenye ramani na kwenye kibao. Sema wazi unakanda nini, uko mtaa gani, unafungua saa ngapi. Waombe wateja waandike wenyewe kilichowasaidia, kwa maneno yao. Na juu kabisa, kabla ya sifa yoyote, andika usichokiweza: mwenye damu, mwenye homa, aliyevunjika, aende hospitali. Utaona unajipunguzia wateja. Punguza. Wenyeji tunajuana, hatudanganyiki upesi. Anayeuliza simu ni mgeni asiye na wa kumuuliza, na atakwenda popote ulipomwandikia.

Mwenyezi Mungu akubarikie mikono yako, akuzidishie wateja wa halali. Akujalie ulimi mwepesi wa kusema "hili siliwezi." Na mgeni yeyote atakayebeba mgonjwa wake akilifuata jina lako, Mungu amfikishe panapostahili, akiwa bado anapumua. Amina.