Kabichi za Mama Mkwe Mtarajiwa

Kabichi zangu za Muthara zilinenepa hadi punda wa jirani akawa anapita ameinamisha kichwa kwa heshima. Naongeza chumvi, lakini kidogo tu.

Mimi ni kijana wa mtaa wa Majimbo, Embu mjini. Kilichonipeleka kukodi shamba huko Muthara, Tigania, ni msichana, na mama yake, mjane, alikuwa hajasema ndiyo. "Hatukujui," aliniambia. "Lete mboga kanisani Jumapili ya mavuno, watu waone mkono wako."

Mkono wangu ulikuwa na elimu. Katika darasa la gumbaru, lile la jioni lililonipa cheti nikiwa tayari na ndevu, tulifundishwa kwamba mbolea pekee haitoshi; mmea unataka pia kitu cha kuuamsha, mizizi ishuke, majani yasikate tamaa jua likiwaka. Nikatengeneza busta yangu: vichwa vya samaki kutoka mjini, molasi na maji, nikavifunika kwenye mtungi mpaka vikaoza vizuri. Kikombe kimoja kwa pampu nzima ya maji, unanyunyizia majani. Kabichi zilifunga kama ngumi.

Jumamosi jioni, ili zing'ae, nikazinyunyizia tena. Bila kupima. Alfajiri nikazikata.

Mama mkwe mtarajiwa alikuja kuzichukua mwenyewe, amevaa blauzi nyeupe ya kina mama wa kanisa. Nilitaka kubeba, akakataa. Alipakia kubwa kuliko zote kwenye kiondo, akatia mkanda kichwani, mzigo ukakaa mgongoni, akatangulia. Njiani alisimamisha kila mtu: "Hizi ni za yule wa Embu!"

Tulipofika kanisani, jua lilikuwa limeiamsha harufu iliyolala na baridi ya asubuhi, na maji ya busta yaliyojificha kati ya majani yalikuwa yameshamtiririka mgongoni. Mzee aliyekuwa akinadi mazao ya sadaka akainua kabichi ya kwanza, akaishusha haraka.

"Mama, ndani mna nini?"

"Kabichi."

"Kabichi gani inanuka ziwa?"

Bibi mmoja wa kiti cha mbele akaziba pua. "Woi! Ni samaki! Umebeba samaki mgongoni!"

Kwa watu wa rika lao huko, samaki ni ndugu wa nyoka; sufuria iliyompika haipiki tena. Mimi niliyekula omena, wale dagaa wa ziwani, tangu utotoni sikuwa nimewaza hilo hata mara moja. Kanisa zima lilicheka, mpaka nikadhani mabati yatang'oka. Yeye hakucheka. Alisimama pale, doa la kahawia likiteremka kwenye blauzi nyeupe, akanitazama. Natamani angenitukana. Nilitafuta shimo la kuingia, na sakafu ilikuwa ya saruji.

Nje nilimkuta akijisuuza kwenye bomba.

"Mama, nisamehe. Ni dawa ya mboga. Inasaidia."

"Niliwaambia wote ni mkwe wangu," alisema, bila kugeuka. "Kabla hata sijakubali. Nilikuwa na haraka ya nini?"

Mimi mwenye cheti nikamfungulia bomba zaidi.

Nilirudi kwake juma lililofuata, mikono mitupu, macho chini. Alinipa chai. Halafu akasema nikipanda tena nimwite, atakuja kuonyeshwa kinachoingia kwenye mtungi huo kabla hakijafika mgongoni mwa mtu.

Alikuja kweli, leso puani. Nilifungua kifuniko, nikishindwa kumtazama.

"Koroga," akasema. "Naona."