Kiuno cha Sabini

Fundi cherehani hupima kwa inchi, akizinong'ona namba kama dua, na umbo la mteja halisemi hata kwa jirani. Ndiyo maana bibi harusi alipomtumia vipimo kwa simu, kiuno sabini, fundi hakuhoji, alishusha pumzi tu, akanunua kitambaa cha ziada, akashona. Siku moja kabla ya harusi akaingia binti mwembamba kama sindano.

"Shangazi, mbona hivi? Mimi nilipima kwa sentimita!"

Fundi akalitazama gauni, akamtazama binti, kicheko kikamvunja mbavu. Wakajitumbukiza humo wote wawili, wakazunguka mbele ya kioo, na nafasi bado ikabaki.

"Haya toka, mwanangu, nilipunguze," akasema akifuta machozi. "Kesho unaolewa peke yako."