Mama Randa na Ukimya Uliohesabiwa Ndiyo

Jua limeanza kuingia kwa mlango wa karakana, na bodi ya kwanza imeshalazwa juu ya meza ya msumeno. Mama Randa, seremala wa makabati, anabandika karatasi ukutani. Karatasi inaonyesha jinsi ya kuigawa bodi: mlango hapa, rafu pale, na kipande kitakachobaki.

Shemeji yake, ambaye ndiye mkataji, anaisoma kwa kuinua macho tu. Mikono yote miwili imeshika bodi.

"Wenzako wa mtandaoni wanataka nisome kwenye simu. Simu nitaishikia wapi, shemeji, mdomoni?" anauliza, na karakana nzima inacheka.

Mpango huo wa kukata hutolewa na programu huria, yaani programu ya kompyuta isiyo na mwenyewe mmoja. Watu wa nchi mbalimbali huijenga kwa kujitolea, na anayetaka huitumia bure. Zamani, anasema Mama Randa, katika kila bodi kumi, mbili ziliishia kuwa kuni. Siku hizi mabaki hayatoshi hata kuchemshia chai. Akaipenda, akajifunza kidogo kidogo kwa video za mtandaoni, hadi akaweza kurekebisha mwenyewe sehemu ya kuchapa karatasi, akawa mmoja wa wajenzi.

Lakini wajenzi wa programu hiyo kila mmoja ana lake. Yupo mwanafunzi wa usanifu anayetaka picha ya kabati inayozunguka kwenye skrini, maana ndiyo atakayowaonyesha waajiri. Yupo mama mmoja wa kiwanda cha samani. Yeye haja yake ni kasi tu, kwa kuwa kwao mashine ndiyo inayokata, na mashine haisomi karatasi.

Mwaka huu mwanafunzi alipendekeza sehemu ya kuchapa iondolewe, kwani ilikuwa ikigongana na picha zake. Mama Randa alisoma, akanyamaza. Kwake yeye, mtu anayeeleza haja yake huachwa amalize, na anayenyamaza bado anafikiri. Hakujua kuwa kule kwa wajenzi, pendekezo likikaa wiki nzima bila kupingwa, limepita.

Toleo jipya likaja bila kuchapa. Angeweza kubaki na la zamani, lakini hilo lisingerekebishwa tena, lingemfia mikononi. Na bodi za makabati aliyoagizwa na zahanati zilikuwa zinangoja kukatwa.

"Nilijiona kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba aliyoijenga," anasema.

Shemeji naye hakumhurumia. Alimwambia miaka yote anabishana na watu asiowajua sura, na siku ya kubishana kweli ilipofika, ulimi ukamganda.

Asubuhi iliyofuata akawaandikia wajenzi wenzake, bila kumlaumu mtu. Alituma video ya shemeji huyo huyo akiwa kwenye msumeno, vumbi mpaka kwenye nyusi, na maneno machache: "Mimi sikukubali, nilinyamaza tu. Naomba karatasi yetu irudi. Nitaitunza mwenyewe."

Mwanafunzi ndiye aliyewahi kujibu. "Samahani, mama. Nilidhani haina mtumiaji. Si ungesema tu?"

Mama Randa akamwambia na yeye si angeuliza tu, wakaishia kucheka. Mama wa kiwandani akasema yeye hana neno, mradi programu isiwe nzito, akatoa wazo: sehemu ya kuchapa ikae pembeni, iamke inapoitwa. Wakaijenga pamoja, wakivutana karibu kila siku, na toleo lililofuata likawa na picha, kasi na karatasi. Wakakubaliana pia kwamba kitu hakiondolewi mpaka anayekitunza aulizwe na ajibu.

Makabati ya zahanati yamekwisha, milango yake inafunga bila kulia.

Sasa Mama Randa anapanga kuzifanya namba za vipimo ziwe kubwa kwenye karatasi, zisomeke hata na macho yaliyochoka. Mpinzani amekwishajitokeza: ni shemeji yake, aliyejiunga na wajenzi wiki iliyopita na kuandika, kwa kidole kimoja, kwamba namba kubwa zitakula nafasi ya mchoro.

Mama Randa anasoma ujumbe huo mara mbili, anavuta kiti, anapuliza vumbi kwenye kibodi.

"Huyu," anasema, uso umejaa raha, "simnyamazii hata dakika moja."