Kidirisha Nilichokifunika kwa Kitambaa

Kosa langu kubwa la mwanzo wa kazi ni kwamba nilifunika kidirisha cha hewa cha betri ya gari la haibridi, tena nikakifunika kwa unadhifu wa hali ya juu. Mshono ulinyooka. Kitambaa kililingana rangi na viti. Watu walikuja kukiangalia. Kama ningeifanya kazi ile vibaya, kitambaa kingeanguka chenyewe ndani ya wiki moja na leo nisingekuwa na cha kuandika.

Mafundi wengi husubiri wastaafu ndipo wasimulie kazi zao. Mimi nina miaka thelathini na moja na mgongo wangu bado mzima. Lakini mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuukagua mara tatu. Naogopa nikisubiri uzee nitakuwa nimeshajisamehe mambo ambayo ninyi mnaoanza kazi hii mnapaswa kuyajua. Basi nasimulia sasa, wakati bado yananichoma.

Sikusoma chuo chochote cha ufundi. Nilijifunzia uani kwa mama yangu, kijijini Itetemia, kwenye gari la haibridi ambalo mjomba alilitelekeza baada ya mafundi watatu kumwambia halitengenezeki. Nilikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka, video za mafundi ambao lugha zao sizijui, na boksi tupu la sabuni. Kila boliti niliyoifungua niliichomeka kwenye boksi lile, mahali palepale nilipoichora. Halafu nikaziosha zote. Mama alipita na ndoo yake akasema, "Idi mwanangu, gari unalitengeneza au unaliogesha?"

Haibridi, kwa msiojua, ni gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme, na vyote viwili vinasaidiana kusukuma magurudumu. Huhitaji kulichomeka ukutani. Ukikanyaga breki au ukiteremka mlima, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri kubwa iliyo nyuma. Nguvu ambayo gari la kawaida huitupa, hili linaiokota! Hadi leo nikiieleza sauti yangu inapanda. Siku gari la mjomba lilipotembea uani kwa mara ya kwanza, kuku wa mama hawakusogea kwa sababu hawakulisikia. Ilibidi nikanyage breki kuwanusuru, na pale kwenye kioo cha dashibodi nikaona mishale ikigeuka kuelekea kwenye betri. Nilipiga kelele hadi jirani akaja kuuliza nani amefariki.

Habari ya kuku ilifika mjini, kwa Fundi Mkuu. Namwita Fundi Mkuu kwa sababu kila mtu pale alimwita hivyo. Jina lake ni Mzee Shabani, mwenyeji wa Tabora mjini, wa ukoo wa mafundi tangu enzi za misafara. Yeye alipima injini kwa sikio. Alishika bisibisi ndefu, ncha kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho, kisha akataja ugonjwa. Sikuwahi kumwona akikosea. Haibridi zilipoanza kuingia mjini, zilimtia hasira, maana hazikumwambia kitu.

Siku yangu ya kwanza kazini alinipokea kwa kunielekeza kwenye gari lililokuwa katikati ya gereji.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kuku? Liwashe hilo."

Nikakaa, nikakanyaga breki, nikabonyeza kitufe. Taa ndogo ya kijani ikawaka kwenye dashibodi.

"Limewaka, Mzee."

"Limewaka wapi? Kwenye simu yako?"

"Limewaka kweli. Injini itajiwasha ikihitajika."

"Toka nikae mimi." Akakaa, akaweka gia, akakanyaga mafuta kwa nguvu ya mtu anayetaka kumuumbua mwenzake. Gari likaondoka kimyakimya kama paka na kusimama kiganja kimoja kutoka ukutani. Fundi Mkuu alishuka polepole, akapangusa mikono ambayo haikuwa na mafuta, akasema, "Jini hili. Utalishughulikia wewe."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Hakuniuliza nimesoma wapi, na mimi sikusema. Nakiri kwamba wateja walipouliza, "Huyu kijana katoka chuoni?" nilikuwa nainama kutafuta spana.

Kazi yenyewe tuliifanya hivi. Kwanza mteja anasimulia, maana dereva anajua gari lake kuliko anavyodhani. Kisha unachomeka kifaa cha kupimia chini ya usukani, nacho kinakuonyesha kwenye simu joto la betri na hali ya kila kipande chake. Ukitaka kuigusa betri yenyewe, unavaa glavu za mpira, unachomoa plagi ya usalama inayokata umeme mkubwa, na unasubiri dakika kumi kabla ya kusogelea nyaya za rangi ya machungwa. Nyaya zile zinaua. Mimi nilisubiri dakika ishirini. "Unalisomea dua?" Fundi Mkuu aliuliza kila mara. Na kila mara niliingiwa na wasiwasi, nikaongeza mbili.

Sasa nifike kwenye kitambaa.

Mwalimu Nyamizi alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja upande wa Usinge. Nyumba yake ipo Tabora, na kila mwisho wa wiki alisafiri na haibridi yake kupitia Kaliua. Lilikuwa gari lake la kwanza maishani na alilipenda hadharani. Alikuwa akilipigapiga boneti kabla ya kuondoka. Siku moja alilileta nilisafishe, na nikaona pembeni ya kiti cha nyuma, chini, kidirisha cha plastiki chenye mistari, ukubwa wa kiganja. Kilikuwa kimejaa vumbi la njia ya Usinge. Nikadhani ni mahali hewa ya kiyoyozi inapotokea, na kwamba vumbi linapenyea hapo kuingia ndani. Kwenye gari la mjomba sikuwahi kukiona. Viti vyake vya nyuma mama alikuwa amevitoa zamani, ndivyo tulivyokalia sebuleni.

Vumbi lile lilinikosesha raha. Nikakata sponji kwa kipimo, nikaijaza kidirishani, kisha nikashona kifuniko cha kitambaa cha kijivu juu yake. Fundi Mkuu alipitisha kidole kwenye mshono akasema, "Hii ndiyo kazi. Na langu ulifanye hivihivi." Nikalifanya la Fundi Mkuu, maana jini lilikuwa limeshamvuta naye akanunua lake. Nikafanya na ya wateja wengine wawili. Nilikuwa na furaha kupita kiasi. Fundi Mkuu akatangaza kwamba mwezi unaofuata haibridi zote zitakuwa chini yangu, na funguo za chumba cha vifaa nitashika mimi.

Haukupita muda mrefu, Mwalimu akapiga simu. Amekwama kati ya Kaliua na Usinge, taa nyekundu ya pembetatu imewaka, gari halina nguvu. Fundi Mkuu akanituma. Nilipanda basi hadi Kaliua, kisha bodaboda, kifaa changu kifuani kama mtoto mchanga. Nilimkuta amekaa kwenye kivuli cha mti wa mninga pamoja na mzee mmoja wa asali mwenye baiskeli yenye madumu mawili.

"Mwangaluka," mzee akanisalimu, kisha akanyooshea gari mkono. "Limeishiwa betri za tochi?"

"Usinichekee fundi wangu, baba," Mwalimu akasema.

"Sicheki. Wazee wetu njia hii walipita na meno ya ndovu mabegani mpaka pwani, hawakuwasha taa ya pembetatu." Akapanda baiskeli yake akaenda zake, na madumu hayakutikisika.

Gari lilikuwa limepoa, likawaka. Mwalimu akaendesha, mimi nikakaa kiti cha nyuma nikiangalia joto la betri kwenye simu. Lilikuwa linapanda. Likazidi kupanda. Nilisikia feni ikivuma mahali karibu na kiuno changu, nikapeleka mkono. Kitambaa changu cha kijivu kilikuwa kimebonyea ndani, kimekaza kama ngozi ya ngoma. Kitu kilikuwa kinakivuta kutoka upande wa pili.

Hapo nikaelewa kila kitu kwa pamoja. Kidirisha kile hakitoi hewa, kinavuta. Feni huchukua hewa ya baridi ya ndani ya gari na kuipuliza kwenye betri. Mimi nilikuwa nimeiziba betri pua, nikapigiwa makofi.

"Umeona nini?" Mwalimu akauliza, akinitazama kwenye kioo.

"Joto tu, Mwalimu. Tusimame kidogo lipumzike."

Alipoteremka kunyoosha miguu, nilichana mshono kwa bisibisi, nikatoa sponji, nikaitia mfukoni. Tukaendelea. Joto likashuka, gari likaruka kama lilivyozaliwa. Mwalimu akacheka kwa sauti. "Mwanangu, una mikono ya baraka!" Na mimi, jamani, nikasema asante.

Lakini furaha yake haikufika Usinge. Kabla ya kuingia kijijini alisema, "Hata hivyo nitaliuza. Kaka yangu aliniambia tangu mwanzo betri hizi hufa bila taarifa. Leo ulikuwepo. Siku usipokuwepo je? Dalali atakuja Jumatatu hapo gereji kwenu." Alisema hivyo huku akilipigapiga usukani, na niliona anaaga.

Ningeweza kumwokoa kwa sentensi moja. Sikuisema. Niliona funguo za chumba cha vifaa, nikaona wateja wakiuliza nimesoma wapi. Jumamosi na Jumapili nilikaa uani kwa mama na sponji ile mkononi. Gari la Mwalimu lilikuwa zima kabisa, na lilikuwa linakwenda kuuzwa kama mzoga ili mimi nibaki fundi hodari.

Jumatatu asubuhi walikuwepo wote: Mwalimu, kaka yake, dalali mwenye miwani ya jua, na Fundi Mkuu akinywa chai. Dalali alizunguka gari mara moja.

"Betri imekufa hii. Nalichukua kumsaidia tu dada."

"Nilikwambia, Nyamizi," kaka akasema. "Ungenunua gari la watu wazima."

Mwalimu alikuwa ameshatoa kadi ya gari kwenye mkoba. Nikaweka sponji juu ya boneti. Ilianguka, nikaiokota, nikaiweka tena.

"Betri haijafa," nikasema. "Mimi niliizibia hewa. Ile kazi ya kitambaa. Niliiona njiani nikaitoa, nikanyamaza." Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, yote yakanitoka. "Na chuoni sijasoma."

Dalali akavua miwani. Fundi Mkuu akaweka kikombe chini.

"Na langu limezibwa?"

"Ndiyo, Mzee."

"Mshono niliousifu mimi mwenyewe, mbele za watu?"

"Huohuo."

Akashusha pumzi ndefu. "Basi tumeliziba wawili. Wewe kwa sindano, mimi kwa mdomo. Kafungue, anza na langu."

Nilipomaliza la Mzee na kuwapigia simu wale wateja wawili walete yao, nilichomeka kifaa kwenye gari la Mwalimu mbele ya wote. Nikawaonyesha vipande vya betri, kimoja baada ya kingine, vyote vikiwa salama. Nikatoa feni, nikaisafisha kwa brashi na upepo wa kompresa, nikairudisha. Kaka mtu alichungulia muda wote na mwisho akauliza, kwa sauti ndogo, kama kweli ukishuka mlima linajichaji. Nikamweleza kwa dakika kumi. Dalali aliondoka bila kuaga.

Mwalimu alinisubiri nimalize. "Sponji ningeicheka, Idi. Kilichoniuma ni ile 'joto tu, Mwalimu'. Ulijua?"

"Nilijua."

Akatoa daftari mkobani, akachana karatasi, akanipa na kalamu. "Andika ulichokifanya kwenye gari langu. Chini yake andika usichokuwa na uhakika nacho. Nitaiweka garini." Niliandika nikiwa nimechuchumaa, mistari minne juu na saba chini. Akaisoma kama anayesahihisha, akatia alama ya vema, akarudisha kadi ya gari mkobani. Akalipigapiga boneti na kuondoka kimyakimya kuelekea Kaliua.

Funguo za chumba cha vifaa sikuzipata mwezi ule, wala uliofuata. Nilizipata baadaye, bila sherehe. Fundi Mkuu alinirushia tu akiwa anaelekea msikitini. Amestaafu sasa na bado anapita kupima magari ya petroli kwa bisibisi yake. Wasiwasi wangu nao haujaondoka. Nimeupa tu kazi ya kufanya.

Siku hizi kila gari linalotoka gerejini kwetu lina karatasi mbili kwenye droo ya dashibodi, moja ya nilichofanya na moja ya nisichokijua, na mteja akiniuliza nimesoma wapi, namjibu Itetemia, uani kwa mama.